Kutafuta Mshahara Kabla ya Makato

Katika somo la asilimia, wanafunzi wengi hukosea wanapotakiwa kurudi nyuma. Tuchukue mfano wa mwenye duka nchini Tanzania aliyemwahidi msaidizi wake shilingi 225,000 mkononi, baada ya kukatwa mchango wa NSSF wa asilimia 10. Mwanafunzi huongeza asilimia 10 na kupata 247,500. Tumwagize ahakikishe jibu lake: akikata asilimia 10 hubaki 222,750. Mfanyakazi amepunjwa shilingi 2,250!

Hapo ndipo tuchore ubaoni mstari wenye sehemu 10 zilizo sawa, tufute moja. Sehemu 9 zilizobaki ndizo 225,000. Kila moja ni 25,000, na zote 10 ni 250,000. Mwalimu asitoe kanuni kabla wanafunzi hawajauona upungufu huo wao wenyewe.