SOMO LA HISTORIA: JINSI NYANDARUA ILIVYOPATA WAKAZI WAKE

Kaunti ya Nyandarua iko upande wa magharibi wa milima ambayo msafiri Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare. Wakikuyu huiita Nyandarua, na jina hilo ndilo lililopewa nchi yote.

Hapo kale uwanda wa Kinangop na mabonde ya Ol Kalou yalikuwa malisho ya Wamasai. Ushahidi u katika majina: Ol Kalou, Ol Joro Orok na Ol Bolossat ni maneno ya Kimasai.

Reli ilipokwisha kufika Bonde la Ufa, Serikali ya Kiingereza ilitaka nchi hiyo iwe ya masetla. Mwaka wa 1904 Laiboni Olonana na wazee wenziwe walitia mkono mapatano ya kuhama. Wengine waende Laikipia, wengine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba nchi hizo zitakuwa zao maadamu kabila lao liko duniani. Tena katika miteremko ya Kinangop walitengewa maili 5 za mraba kwa ajili ya tohara. Lakini mapatano mengine ya 1911 yaliwaondoa Laikipia pia. Wamasai walishtaki, na mwaka wa 1913 Mahakama Kuu ilitamka kuwa mapatano yale ni ya dola na dola, wala haina uwezo wa kuyaamua.

Masetla walifuga ng'ombe na kondoo, wakapanda ngano na pareto. Mwaka wa 1929 njia ya reli kutoka Gilgil ilifika Thomson's Falls, mji uitwao leo Nyahururu. Kazi za mashamba zilifanywa zaidi na Wakikuyu waliokaa humo kama maskwota. Skwota alilima kipande kidogo, lakini haki yake ilikwisha siku ile kazi ilipokwisha. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, wengi walifukuzwa pamoja na jamaa zao.

Tangu mwaka wa 1962 Serikali ilianza kununua mashamba ya Wazungu na kuyagawa, katika mpango uliojulikana kama Mpango wa Ekari Milioni. Uliwapatia makao jamaa wapatao 35,000 katika Kenya, na Nyandarua ilikuwa kiini chake. Wilaya yenyewe iliundwa mwaka wa 1963, ikawa kaunti kwa Katiba ya 2010.

Watu hawakupewa ardhi bure. Waliichukua kwa mkopo, nao walipaswa kulipa kila mwaka, hata sakitu ilipounguza viazi. Wengine waliuliza: mbona tunanunua nchi ambayo wageni hawakuinunua? Swali hilo lilikuwa la haki. Nao Wamasai, waliotangulia kuichunga, walikuwa na swali lao la zamani zaidi.

Maswali ya kujifunza:
1. Ahadi ya 1904 ilivunjwaje?
2. Kuna tofauti gani kati ya skwota na mwenye hati ya shamba?
3. Majina ya mahali mnapokaa yametoka katika lugha gani, na yanawakumbusha nani?