Jamaa Akihofia Kukamatwa Marekani: Familia ya Ukambani Ifanye Nini?

Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta mwongozo uliowabana maafisa wa uhamiaji, ICE, wasikamate watu ovyo makanisani, shuleni na hospitalini. Mzazi wa Mwingi au Kibwezi mwenye mwana Dallas asiye na makaratasi kamili ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini wasiwasi usio na maandalizi haumsaidii mtu.

Makanisa ya huko yamefanya nini?

Wakristo wa dhehebu la Waquaker (Friends) walikwenda mahakamani kupinga kufutwa kwa mwongozo huo, na tarehe 24 Februari 2025 jaji wa Maryland akazuia misako katika nyumba zao za ibada, isipokuwa kwa hati halali. Julai mwaka huo, Askofu Alberto Rojas wa San Bernardino, California, aliwaruhusu waumini wenye hofu ya kukamatwa wasihudhurie misa ya Jumapili. Novemba, maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa tamko la pamoja la kupinga kufukuza wahamiaji kwa wingi bila kubagua.

Hata hivyo, amri ya Maryland iliwahusu walioshtaki tu. Usimwambie mwanao kwamba akiwa kanisani hakamatwi. Msaada mkubwa wa kanisa ni kumfikisha kwa wakili wa kweli. CLINIC, mtandao ulioanzishwa na maaskofu mwaka 1988, unaunganisha ofisi nyingi za msaada wa kisheria wa uhamiaji katika majimbo mbalimbali.

Mkumbushe haya

- Maafisa wakibisha, mawakili hushauri asifungue mlango kabla ya kuona hati iliyosainiwa na jaji. Aombe ipitishwe chini ya mlango.
- Ana haki ya kunyamaza na kuomba wakili. Asikimbie, asidanganye, asionyeshe karatasi bandia.
- Asisaini chochote asichokielewa. Saini moja inaweza kuwa ndiyo kukubali kurudishwa.
- Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kuomba ubalozi wa Kenya uarifiwe. Kama ameomba hifadhi, azungumze na wakili kwanza.

Kazi ya nyumbani

*Andika kumbukumbu.* Weka jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili lake la uhamiaji (huanza na herufi A) na simu ya wakili. ICE ina ukurasa wa intaneti wa kumtafuta mtu mzima aliyezuiliwa, kwa namba hiyo au kwa jina, pamoja na nchi aliyozaliwa. Ukiandika Musioka badala ya Musyoka, huenda usimpate.

*Panga habari za watoto.* Mzazi aliye huko aandae, kwa msaada wa wakili, hati ya kumpa mtu anayemwamini mamlaka ya kuwalea akikamatwa. Mtoto aliyezaliwa Marekani na mzazi aliyekuwa raia wa Kenya siku hiyo ni raia wa Kenya pia, kwa Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010. Pasipoti yake ya Kenya iombwe mapema.

*Tafuta vyeti.* Kama cheti chake cha kuzaliwa kimepotea, ulizia nakala Huduma Centre ya Kitui au ya Wote.

*Linda pesa.* Mtu akikupigia simu akitaka utume M-Pesa ili mwanao aachiliwe, usitume. Dhamana ya uhamiaji hulipwa serikali ya Marekani kwa utaratibu rasmi, wala haipiti kwenye simu ya mtu binafsi. Mpigie wakili kwanza.

Kanisa lako hapa

Kanisa la AIC (Africa Inland Church) lilianzia Nzaui, Makueni, mwaka 1895, kwa wamishenari waliotumwa kutoka Marekani, na hadi leo makanisa yetu yana ndugu ng'ambo. Mwombe mchungaji au paroko wako awasiliane na kanisa analoabudia mwanao. Barua ya mchungaji au paroko inaweza kumsaidia mwanao akiomba dhamana. Lakini jina na hali yake visitangazwe madhabahuni wala kwenye kundi la WhatsApp. Sala inatosha bila kutaja jina.

Na akirudishwa, apokewe bila dhihaka. Jumuiya na chama vimsaidie kuanza upya, kwani anarudi kwao na hajaua mtu.

Mpigie simu jioni hii, uandike majina na namba hizo kwenye daftari, na umwonyeshe mtu mwingine mmoja wa nyumbani mahali lilipo.