Kigari chenye mbio kwa mfuko wa kijana

Swali: Ninaishi Mkuyuni, Mwanza. Nataka kigari kidogo cha mtumba chenye mbio, nikiboreshe polepole. Nichukue kipi?

Jibu: Mdogo wangu, tafuta Vitz RS ya toleo la kwanza, yenye gia za mkono. Injini yake ya 1NZ-FE, cc 1,500, ndiyo iliyomo kwenye IST nyingi, hivyo spea hazisumbui na mafundi wameizoea. Starlet Glanza V yenye tabo, farasi 135, inatamanisha zaidi (hata mimi), lakini ilikoma kutengenezwa 1999. Kuipata ambayo haijachoshwa ni bahati.

Usiagize Japani: gari kuukuu hutozwa kodi ya ziada ya uchakavu. Nunua iliyokwisha sajiliwa hapa. Nenda alfajiri bila taarifa, injini ikiwa baridi; muuzaji anayekuwashia gari kabla hujafika ana lake jambo. Ukiona moshi wa bluu, ondoka. Linganisha namba za injini na chesisi na zilizo kwenye kadi.

Fedha ya kwanza iende kwenye breki, tairi na shokapu. Ekzosi ya kelele baadaye. Na usiishushe sana, kama kwako ni kule juu maweni.