SOMO LA UFUNDI: KUTOBOA BULE KWA KIPIMO CHA MKONO

Sisi wote tunajua kama fundi wa kushona hakati kitambaa mbele ya kumpima mtu. Leo tuangalie fundi mwingine, wa inchi ya Marekani. Kazi yake ni kutoboa tundu tatu tu, lakini akikosa milimetre chache anaweza kuumiza mkono wa mtu.

1. Bule ni kitu gani?
Katika mchezo wa boling, mtu anaviringisha bule, ni kusema mpira mzito, juu ya njia laini ili aangushe vigingi 10 vyenye umbo la chupa. Toka mstari wa kutupia mpaka kigingi cha kwanza ni metre 18,29. Bule iko na upana wa sentimetre 21,6 hivi, na haina ruhusa kupita kilo 7,26. Zamani ilichongwa katika mti mgumu. Leo ni ya plastiki na vitu vya namna ile. Bule nyingi zinatoka kiwandani bila tundu. Sababu gani? Kwani mikono ya watu haifanani.

2. Kuuliza na kupima
Mnunuzi mpya akifika, fundi mwema hakimbilii mashini. Kwanza anauliza: Unatupa kwa mkono gani? Uliumia vidole siku moja? Kuna kiungo kinachouma? Kisha wanachagua uzito. Wengi wanaanza kwa kuhesabu sehemu moja katika kumi ya uzito wa mtu: wa kilo 60 anajaribu bule ya kilo 6. Kama mkono unachoka, wanapunguza.

Sasa kipimo. Fundi iko na bule ya kupimia yenye tundu nyingi. Mnunuzi anaingiza kidole gumba chote, halafu analaza kidole cha kati na kidole cha pete juu ya bule bila kuvikaza. Kwa mwanzishi, mstari wa kiungo cha pili cha kidole upite ukingo wa karibu wa tundu kwa milimetre 6 hivi. Kila kidole kinapimwa peke yake, kwani havilingani urefu. Kisha fundi anajaribu kupitisha krayo kati ya kiganja na bule: ikipita kwa kugusa pande zote, urefu ni sawa.

3. Kutoboa
Fundi anaandika alama juu ya bule, anaifunga imara, ndipo anatoboa. Tundu inaweza kuelekea katikati kabisa ya bule, ao kuinama kidogo. Ile ya gumba, ikiinama upande wa kiganja, inashika kidole zaidi. Ikiinama upande mwingine, kidole kinatoka upesi.

Upana wa tundu ya gumba njo shida kubwa. Kidole kiguse pande zote, lakini kitoke bila kuvutwa. Kwa hiyo fundi anaanza na tundu ndogo, anaongeza polepole kwa msasa, na kila mara mnunuzi anajaribu. Mwishoni analainisha ukingo usikate ngozi.

4. Makosa na matunda yake
Tundu ikiwa pana, mtu anaminya bule ili isianguke. Mkono unachoka na ngozi inaota sugu. Ikiwa nyembamba, gumba linakwama, na ule uzito wote unavuta kiungo. Nafasi kati ya tundu ikizidi, mishipa ya kiganja inanyoshwa kupita kiasi. Lakini bule iliyotobolewa vizuri inaning'inia mkononi bila kuminywa: gumba linatoka kwanza, vidole viwili vinafuata na kuizungusha.

Tundu iliyozidi kidogo inasaidiwa na utepe wa kunata ndani yake. Iliyokosewa kabisa inajazwa dawa inayokauka ngumu, halafu inatobolewa upya. Ni kazi mara mbili na feza mara mbili. Tena gumba lenyewe linavimba ao kupungua wakati wa mchezo. Kwa hiyo fundi wa kweli anamwambia mnunuzi: Cheza kwanza, kisha rudi tuone mkono wako.

Tukumbuke: kilichobaki kinaweza kupunguzwa; kilichotoka hakirudi.

Maulizo
1. Sababu gani kila kidole kinapimwa peke yake?
2. Krayo inaonyesha nini?
3. Kwa nini fundi anaanza na tundu ndogo?
4. Pima kwa kamba toka gumba lako mpaka kidole cha kati, halafu mpaka kidole cha pete. Linganisha na jirani yako.