Siku Moja ya Nyumba: Kupumzika na Kuandaa Juma
Kijitabu cha elimu ya afya kwa familia za Kasongo na Kabambare

Kwetu kusini mwa Maniema watu hawapumziki wote siku ileile. Waislamu, ambao ni wengi Kasongo tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, huacha shamba Ijumaa. Wakatoliki na Waprotestanti huacha Jumapili, Wasabato Jumamosi. Kijitabu hiki hakimchagulii mtu siku. Kinaomba kila nyumba iwe na yake, na siku hiyo mama naye apumzike.

Tunamtaja mama kwa sababu tunajua mambo yanavyokwenda. Baba akirudi kutoka misa au msikitini, huketi kivulini na jamaa zake. Mama akirudi, huvua kitenge kizuri na kufunga cha kazi, huchukua bidoni kwenda kisimani, hurudi kutwanga sombe, kisha hukoka moto. Usiku hulala wa mwisho, na alfajiri huamka wa kwanza. Mwili wa mtu mzima unahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku, na mwenye mimba anahitaji pia kuketi mchana na kuepushwa mizigo mizito. Hayo hatayapata kwa kuambiwa tu “pole, mama”. Kazi lazima zihamie mikono mingine. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji: baba mwenye baiskeli afunge mbili nyuma, vijana wa kiume wateke na kuchanja kuni, wasichana wasiachiwe kila kitu. Nyumba ambayo mama yake haketi hata siku moja haijapumzika.

Mihogo haitaki haraka

Bugali la wiki nzima huanza mapema, na hapa kupanga siku kunalinda miguu ya watoto. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Ikilowekwa usiku 3 kamili na kukauka vizuri, sehemu kubwa ya sumu hutoka. Ila unga ukiisha katikati ya juma na watoto wanalia njaa, mama huitoa majini baada ya usiku mmoja au 2. Hatumlaumu, kwani njaa ndiyo inayomsukuma. Lakini familia ikila unga wa namna hiyo kwa majuma mengi, bila samaki, nyama wala maharage ya kutosha, inaweza kupata konzo: mtu aliyekuwa mzima ghafla miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 ugonjwa huo ulioonekana Kwango, kusini-magharibi mwa nchi yetu. Mwaka 1985 uliwapata watu wa Tarime, Tanzania, baada ya ukame, maana ukame huongeza sumu ndani ya mihogo.

Kwa hiyo pangeni hivi. Nyumba inayopumzika Jumapili iloweke Jumatatu, itoe Alhamisi, ianike, kisha itwange Jumamosi. Inayopumzika Ijumaa iloweke Jumamosi, itoe Jumanne, itwange Alhamisi. Masika mihogo hukawia kukauka, basi tangulieni siku moja au mbili.

Mkiwa na shaka na unga ambao tayari umetwangwa, iko njia nyingine. Mimina unga ndani ya beseni na uweke alama pale ulipofikia. Ongeza maji kidogokidogo ukikoroga: unga utashuka, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Tandaza juu ya mkeka, unene usizidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke hewani. Songa bugali siku hiyohiyo, kwa sababu unga uliolowa haukai. Akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka huko Kwango, walifundishwa njia hii kuanzia 2010, na muda wote waliofuatiliwa hakuna mtu mpya aliyepatwa na konzo. Haichukui nafasi ya kuloweka. Inaongeza usalama juu yake.

Andaeni vikavu, msipike vya siku tatu

Mjini, wenye friji hupika Jumapili na kula hadi Jumatano. Sisi wengi hatuna friji, na sombe iliyolala kwenye joto inaweza kuharisha nyumba nzima. Siku ya mapumziko chambueni maharage, menyeni karanga, kausheni samaki, tengeni chumvi na mawese. Chakula kilichobaki kichemke tena mpaka kitokote kabla ya kuliwa, na kilichokaa tangu jana kimwagwe.

Wengi wanakumbuka salongo ya enzi za Mobutu, watu walipotolewa majumbani kufanya kazi ya lazima. Usafi wa nyumba usiwe hivyo. Muda wa saa moja asubuhi, watu wote pamoja, unatosha: kufyeka majani, kumwaga maji yaliyotuama, kuosha bidoni kwa sabuni na mchanga. Chandarua kikichafuka kifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila javel, kikauke kivulini, na kabla ya magharibi kiwe kimerudi juu ya kitanda.

Wanaume wanaorudi kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila wamechoka kwelikweli, na wengine hutafuta usingizi ndani ya lotoko. Pombe humwangusha mtu, lakini usingizi wake hukatikakatika, na fedha ya samaki wa watoto ndiyo huinunua. Fedha hiyo ipangwe nyumbani kabla ya jioni.

Mwisho, toeni karatasi za chanjo na za kupima mimba, msome tarehe pamoja. Kasongo ina historia katika jambo hili: miaka ya 1970 madaktari walioshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walijenga hapa mtandao wa vituo vya afya uliojulikana duniani, na mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Kasongo juu ya chanjo ya surua. Mjadala uliofuata ulihusu kama mtoto aliyeepushwa na surua ataziepuka pia shida nyingine zinazoua watoto maskini. Chanjo ni lazima, na chakula cha nyumbani pia.

Mtoto mwenye homa, mtu anayeharisha maji mengi, mwenye mimba anayetoka damu, anayeumwa sana kichwa, au asiyesikia mtoto akicheza tumboni: wapelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni Ijumaa ya swala au Jumapili ya misa.