Sepsisi: Kinga ya Mwili Inapopita Kiasi

Mgonjwa wa homa ya mapafu, au mzazi aliyepata maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua, anaweza kufa huku bakteria wakiwa wameanza kupungua. Kilichomlemea ni namna mwili wake ulivyopambana nao. Hiyo ndiyo sepsisi. Mwaka 2017 pekee inakadiriwa iliwapata watu milioni 48.9 duniani, na milioni 11 wakafariki.

Seli za kinga zikigundua vijidudu hutoa saitokini, protini ndogo zinazopeleka taarifa kwa seli nyingine. Baadhi yake, kama TNF na interlukini-6, huleta homa na kuamsha kinga; nyingine, kama interlukini-10, huituliza. Katika kidonda kidogo, kazi hiyo huishia palepale. Katika sepsisi huenea mwili mzima: mishipa ya damu huvuja, presha hushuka, damu huganda ndani ya mishipa midogo, figo na ubongo hukosa oksijeni. Na kinga hiyohiyo huweza kuchoka, mgonjwa akapata maambukizi mapya.

Basi kwa nini TNF isizuiwe tu? Hilo lilijaribiwa. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 1996 lilionyesha kwamba waliopewa dozi kubwa za dawa ya kuizuia walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Mwaka 2004 Gilles Clermont na wenzake, huko Pittsburgh, Marekani, walitumia milinganyo ya hisabati kuunda wagonjwa 1,000 ndani ya kompyuta, wakitofautiana kwa wingi wa bakteria na nguvu ya kinga, kisha wakawapa dawa ya aina hiyo. Iliwasaidia baadhi, ikawadhuru wengine. Jibu linategemea nani anapewa, lini na kiasi gani. Hata hivyo, mgonjwa wa kwenye kompyuta hana kisukari wala utapiamlo mpaka mtafiti amwekee, kwa hiyo matokeo yake lazima yapimwe kwa wagonjwa halisi.

Wakati utafiti ukiendelea, tiba ni antibayotiki mapema, maji ya dripu, oksijeni na kuondoa chanzo, kama vile usaha. Dawa ya kushusha homa haizuii sepsisi. Inaweza kukupa matumaini ya uongo.

Mwenye maambukizi akianza kuhema haraka, kuchanganyikiwa, kukosa mkojo au kuwa baridi mikono na miguu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo mtoto mchanga aliyelegea na kukataa kunyonya. Mkifika, mwulizeni daktari au muuguzi waziwazi: “Je, hii inaweza kuwa sepsisi?”