Maji ya chumvi baada ya kung'oa gego

Swali: Nitang'olewa gego wiki ijayo. Shangazi anasema nikifika tu nyumbani nisukutue maji ya chumvi. Ni sawa?

Jibu: Dawa ni nzuri, ila shangazi anaiwahisha. Jino likitoka, damu huganda shimoni, na bonge hilo ndilo linalofunika mfupa na neva. Ukisukutua, ukitema kwa nguvu, ukinyonya kwa mrija au ukivuta sigara ndani ya saa 24, laweza kung'oka. Matokeo yake ni maumivu makali siku ya tatu hivi, yakipanda hadi sikioni, na harufu mbaya mdomoni. Usiyavumilie kwa tembe tu. Rudi kliniki shimo lisafishwe na kutiwa dawa.

Siku ya kwanza ng'ata pamba ya daktari kwa nusu saa bila kuchungulia. Mate yenye wekundu ni kawaida. Kunywa uji uliopoa. Tafadhali, usibandike aspirini kwenye fizi: huiunguza.

Kesho yake changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu, usukutue taratibu kila baada ya mlo.

Damu isiyokata, homa au shida ya kumeza haingoji kesho: nenda hospitali.